Marehemu Mzabuni wa Dafrao

Thabiti Abdulkarimu alipata habari za kifo chake siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, akiwa anakula muhogo wa kuchemsha kibarazani kwake Mikindani. Habari zilikuja kwa simu. Zilitolewa kwa upole na kwa utaratibu, kama inavyopasa habari za namna hiyo, na aliyezitoa alikuwa Koplo Fredi wa ofisi ya ununuzi ya kikosi kimoja cha wanamaji.

"Shikamoo, mzee. Naongea na familia ya Thabiti Abdulkarimu?"

"Marahaba. Familia ndiyo hii," alisema Thabiti, akameza.

"Poleni sana na msiba."

Thabiti alichungulia uani. Mke wake, Mwanakombo, alikuwa anasokota kamba, mzima. Shemeji yake, Asia, alikuwa anaponda makumbi ya nazi kwa rungu. Mzima kupita kiasi. Kuku walikuwa wanne, kama jana.

"Msiba gani, baba?"

"Wa mzee Thabiti. Tumesikitika sana hapa ofisini. Afande ameniagiza niulize mambo mawili. Kwanza, tulete rambirambi lini. Pili, je, marehemu ameacha mtu wa kuendeleza zabuni?"

"Thabiti ni mimi!"

Koplo Fredi akauliza kwa huruma, "Wewe ni mwanawe? Mlikuwa mnaitwa jina moja?"

"Mimi ni mwenyewe! Aliyekufa ni baba yangu, Abdulkarimu, na huyo tulimzika miaka kumi na miwili iliyopita."

"Lo," alisema Koplo Fredi. "Kwa hiyo misiba ni miwili."

Kipande cha muhogo kikamkwama Thabiti kooni, na kwa muda mfupi taarifa ya jeshi ilikaribia kuwa sahihi. Alipopata pumzi aliuliza ni nani aliyesema amekufa. Ikasikika karatasi ikifunuliwa.

"Mdhamini namba moja, Bwana Athumani, kinyozi. Uliandika mwenyewe jina lake... samahani, marehemu aliliandika mwenyewe, ukurasa wa kumi na moja."

"Athumani!" alisema Thabiti, akaketi juu ya sahani ya muhogo.

"Nisome alichosema?"

"Soma."

Koplo Fredi alisoma kwa sauti ya mtu aliyefundishwa kutoongeza wala kupunguza. "Alifariki mwezi wa Rajabu baada ya kushindana kula bokoboko. Alishika nafasi ya pili. Alizikwa amesimama, kwa kuwa alikuwa anaogopa watu wasije wakamkuta amelala saa za kazi. Ameacha mjane mmoja na muhuri mmoja. Kazi yote alikuwa anafanya mjane."

Thabiti alitaka kukanusha yote kwa pamoja, lakini alipofika kwenye sentensi ya mwisho ulimi ukawa mzito. Koplo akamwambia kwamba Luteni Witness, mkuu wa tathmini, atafika Alhamisi mwenyewe, akamtakia subira njema, akakata simu.

* * *

Fomu yenyewe iliitwa Tathmini ya Hatari za Mzabuni, na ilikuwa na kurasa kumi na nne. Ilizaliwa kwa uchungu. Boti za doria, zile zinazokwenda hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, zilikuwa zinahitaji madafrao: ile mito minene inayoning'inizwa ubavuni mwa chombo kisijikwaruze gatini. Mfanyabiashara mmoja wa mbali sana aliagizwa kuyaleta. Shehena ya kwanza ilichelewa miezi minane. Ya pili ilifika kwa wakati, lakini yalikuwa madafrao ya rangi ya waridi, ya boti za matembezi, kila moja likiwa na picha ya pomboo anayetabasamu. Boti ya serikali yenye bunduki mbili ilifanya doria kwa majuma matatu ikiwa imepambwa na pomboo kumi na wawili. Wavuvi wa baruti, ambao zamani walikuwa wakiiona wanakimbia, sasa walikuwa wanaipungia mkono.

Ndipo wakubwa wakaamua kwamba hatapewa zabuni mtu tena bila kupimwa. Fomu ikatumwa kwa wazabuni wawili: yule wa pomboo, na kiwanda cha Mikindani kilichotengeneza madafrao ya kamba za makumbi kama walivyokuwa wakitengeneza wazee.

Kiwanda hicho kilikuwa ua. Mafundi walikuwa Mwanakombo, aliyerithi kazi kwa mama yake, na mdogo wake Asia, aliyeacha kibarua cha kubangua korosho Naliendele kwa sababu ya zabuni hii. Mkurugenzi alikuwa Thabiti. Alikuwa na koti, muhuri, na namna ya kukohoa kabla ya kutaja jina la kiwanda. Saa nne na saa kumi alikuwa anavua koti na kuwachemshia mafundi chai ya tangawizi, lakini jambo hilo hakuliandika kwenye fomu. Mahali palipouliza idadi ya mafundi wakuu aliandika: *Mmoja (Mkurugenzi).* Mahali palipouliza ni nani ambaye asipokuwepo uzalishaji utasimama, aliandika tena: *Mkurugenzi*, akapiga mstari chini yake, akagonga muhuri.

Mwanakombo aliposikia habari za simu aliweka kamba chini.

"Baba Hamisi. Umemwandika Athumani?"

"Fomu ilisema mtu anayenijua zaidi ya miaka kumi, asiye ndugu. Athumani ananijua miaka hamsini."

"Athumani ni mtani wako!"

"Ni kinyozi mwenye heshima zake."

"Ukoo wake na ukoo wenu ni watani tangu babu wa babu. Alipokufa baba yako aliingia kaburini akajilaza, akasema nyumba ameshapanga yeye, hatoki mpaka apewe jogoo. Umesahau?"

"Sijasahau. Jogoo mwenyewe alikuwa wangu." Thabiti alijikung'uta muhogo kwenye suruali. "Nilidhani mbele ya jeshi ataona haya."

"Mbele ya maiti hakuona haya, ataona haya kwenye simu?"

Asia alicheka mpaka akaangusha rungu. Lakini Mwanakombo hakucheka. Alitazama upande wa mikoko, kule ambako makumbi elfu nne yalikuwa yamezikwa kwenye tope kwa miezi tisa yakilainika, yote kwa ajili ya madafrao sitini.

"Wakimchukua wa pomboo," alisema polepole, "haya yote nitasokotea kamba za mbuzi. Na Mikindani mbuzi ni wangapi? Asia atarudi kwenye korosho. Wewe utarudi kwenye nini?"

Thabiti alikwenda kuvaa koti.

* * *

Ofisi ya mtendaji wa mtaa ilikuwa na foleni ya watu wanne na feni moja isiyozunguka. Mtendaji, Bi Happiness, alimpokea Thabiti vizuri, akamwuliza shida yake.

"Naomba barua ya kuthibitisha kwamba niko hai."

Bi Happiness alifungua droo akatafuta. "Ninayo ya utambulisho. Ninayo ya ukaazi. Ya kuuza kiwanja, ya kufiwa, ya kupiga ngoma usiku. Ya kuwa hai sina."

"Si unaniona?"

"Nakuona, mzee wangu. Lakini siwezi kuandika kwamba nimekuona tu, kesho nikiulizwa nilitumia kigezo gani? Nikikuandikia wewe, kesho wote watataka."

"Si wote wako hai?"

"Hilo ndilo linalonitisha." Alifunga droo. "Tufanye hivi. Lete wadhamini wawili wanaokujua zaidi ya miaka kumi, wasiwe ndugu, wasaini mbele yangu. Yule kinyozi wa pale kona si rafiki yako?"

Waliokuwa kwenye foleni walisimulia baadaye kwamba Thabiti alitoka bila kuaga, na kwamba kwa kweli uso wake ulikuwa wa maiti.

* * *

Athumani alikuwa anamnyoa mteja ndevu. Alipomwona Thabiti mlangoni alizima mashine, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Karibu, marehemu. Huko mmeruhusiwa kutoka hadi saa ngapi?"

"Athumani, sikuja kwa utani."

"Sasa umekuja na nini? Sisi kitu kingine hatuna."

"Umewaambia wanajeshi nimekufa!"

"Kijana aliniuliza, 'Unamfahamuje Thabiti?' Ningesema nini? Ningesema ni mtu mwema, mwadilifu, mchapakazi?" Athumani alimgeukia mteja kumwomba ushahidi. "Babu yangu angefufuka anitandike. Tangu lini mtu akamsifu mtani wake mbele ya wageni?"

"Piga simu useme ulikuwa unatania."

Athumani alirudi nyuma kana kwamba ametukanwa. "Nitengue utani? Mimi? Marehemu, utani ukishaombewa radhi umekufa, na huo haufufuki. Umekasirika?"

Lilikuwa swali la hatari. Mtani akikasirika hulipa jogoo, na hilo lilijulikana kuanzia Mikindani hadi Mpapura. Thabiti alikuwa anatetemeka mpaka vifungo vya koti vinagongana.

"Sijakasirika," alisema akiwa ameuma meno.

"Vizuri. Maana kuku wako nawajua kwa majina." Athumani akawasha mashine. "Na usiwe mwizi wa fadhila. Nilikusifia vilevile. Kijana alipouliza kuhusu kamba, nilimwambia kamba za nyumba ile hazikatiki, zikimshika mtu zimemshika. Aliniambia wanakuja Alhamisi. Nitakuja kulia."

"Usije!"

"Mazishi yako nikose? Watu watanionaje?"

* * *

Alhamisi saa tatu gari la kikosi lilisimama mbele ya nyumba. Luteni Witness alishuka, mwanamke mrefu mwenye viatu vinavyong'aa kiasi cha mtu kuweza kujitazama akachana nywele. Nyuma yake Koplo Fredi alibeba jalada, na chini ya kwapa, mkeka mpya na kilo tano za mchele.

"Rambirambi," alieleza Koplo, akamkabidhi Thabiti. Kisha akamtazama vizuri, akataka kuurudisha mchele kwapani, lakini Asia alikuwa ameshauchukua.

"Shikamoo, mzee," alisema Luteni. Akafikiri kidogo. "Kama bado inafaa."

"Marahaba! Inafaa sana! Kama unavyoona, afande, mimi ni mzima. Ni utani. Yule bwana ni mtani wangu."

"Najua utani. Mimi ni Mnyamwezi, nimekulia katikati ya watani." Luteni aligonga jalada kwa kidole. "Mimi najua. Fomu haijui. Kilichoandikwa kimekwenda makao makuu, na makao makuu wameshatuma salamu za pole. Tuanze ukaguzi."

Hapo kilio kikasikika barabarani. Athumani aliingia amejifunga kanga ya mkewe kichwani, amebeba jembe, akapita katikati ya wanajeshi wawili, akajilaza kwenye mlango wa ua kwa urefu wake wote.

"Hapiti mtu! Rafiki yangu kafa, na wa kunilipa nyembe zangu mbili hayupo tena! Mlango huu kodi yake jogoo!"

Thabiti alifumba macho akaomba ardhi ipasuke. Luteni Witness alimtazama yule aliyelala chini, bila haraka, kama anavyotazamwa mfuko wa simenti usiokuwa na lebo.

"Wewe ndiye mdhamini namba moja?"

"Ndiye, afande."

"Umelala kwenye njia ya dharura. Koplo, andika: kizuizi mlangoni, kinahamishika." Akamruka. Koplo akaandika, akamruka. Athumani alibaki chini na jembe lake. Maishani mwake hakuwahi kurukwa na serikali.

"Ghala la malighafi liko wapi?" aliuliza Luteni walipofika ufukweni, maji yakiwa yamekupwa.

"Afande," alisema Mwanakombo kwa adabu, "umesimama juu yake."

Luteni alitazama chini. Viatu vyake viliendelea kuzama. Koplo Fredi alikimbia kumshika mkono, akazama yeye mpaka magotini, ikabidi Asia, aliyezoea, awang'oe wote wawili kama mihogo. Yakafukuliwa makumbi machache, na harufu iliyotoka ilimfanya Koplo asahau namba yake ya kijeshi.

"Kufuli?" aliuliza Luteni, akihema kwa mdomo.

"Harufu," alisema Mwanakombo. "Miezi tisa hakuna aliyeiba hata moja."

"Kuna hatari ya kuchelewa bandarini?"

"Hayatoki popote, afande. Nazi ni za hapa, tope ni la hapa, na mimi ni wa hapa."

Luteni aliandika kwa muda mrefu. Thabiti, aliyekuwa ameanza kuona mwanga, akakohoa kile kikohozi chake cha ukurugenzi. Lilikuwa kosa, maana lilimkumbusha Luteni kwamba yupo.

Waliporudi uani Luteni aliliendea dafrao moja, refu kama mtoto wa darasa la tatu, lililokamilika kila mahali isipokuwa kichwani, ambapo nyuzi nane zilikuwa zimeachwa wazi.

"Hapa ndipo kwenye fundo la mwisho?"

"Ndipo," alisema Mwanakombo. "Fundo la kichwa. Likikosewa, dafrao lote linafumuka baharini."

"Fomu inasema fundi mkuu ni mmoja, naye ni Mkurugenzi. Mzee, tufungie."

Mwanakombo alimtazama mumewe. Asia aliitazama mbingu. Athumani, aliyekuwa ameketi kizingitini na kanga yake, alisogea karibu kama mtu aliyekata tiketi.

Thabiti alivua koti, akalikunja, akakunja mikono ya shati. Alikuwa amemwona mkewe akifunga fundo lile mara elfu. Alichukua uzi wa kwanza akaupitisha juu ya wa pili, wa pili chini ya wa tatu, na kwa nyuzi nne mambo yalikwenda kwa heshima. Kwenye uzi wa sita alitumia kidole gumba kushikilia kitanzi, kama alivyomwona mkewe akifanya. Mkewe alikuwa akikitoa kabla ya kuvuta. Thabiti alivuta kwanza.

"Aah," alisema.

"Nini?" aliuliza Luteni.

"Hakuna. Ndiyo namna yake."

Alivuta ili kukitoa. Fundo likakaza. Akavuta zaidi, nalo likakaza zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo sifa yake. Alisimama, na dafrao likasimama naye. Likamzidi uzito, wakaenda pamoja hadi kwenye banda la kuku.

"Jamani!" alipiga kelele Athumani. "Marehemu anajivisha sanda mwenyewe! Wa kumwosha yuko wapi?"

"Koplo, msaidie," alisema Luteni.

Koplo Fredi alishika dafrao kwa upande mmoja, akaweka mguu ukutani, akavuta kwa nguvu zote za jeshi. Thabiti alitoa sauti iliyowatoa majirani nje. Fundo halikutikisika hata kidogo. Luteni alisogea, akaligusa, akalikagua kwa jicho moja.

"Halifunguki?"

"Halifunguki, afande!" alijibu Koplo, jasho likimtoka.

"Andika kwenye vipimo: mvuto wa askari mmoja mwenye afya, halikulegea. Vuta tena tuhakikishe."

"Leteni kisu!" alilia Thabiti. "Mama Hamisi, kata!"

"Nikate?" Mwanakombo aliweka mikono kiunoni. "Kamba iliyokaa kwenye tope miezi tisa niikate kwa ajili ya gumba? Asia, mfungue shemeji yako."

Asia alikuja na kijiti chenye ncha, akakipenyeza, akazungusha mara moja. Gumba likatoka, jekundu kama pilipili. Kisha, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, alizichukua nyuzi nane akalifunga fundo upya, bila kuangalia, huku akimwuliza Koplo kama tope la magotini limekauka. Luteni aliangalia saa yake. Ilikuwa dakika moja na nusu.

"Kwa hiyo mafundi ni wawili," alisema, "na Mkurugenzi si mmoja wao."

Luteni alikaa kwenye kinu kilichogeuzwa, akafungua ukurasa wa tisa.

"Mzee Thabiti, nisikilize. Hapa umeandika kwamba mtu ambaye asipokuwepo kazi itasimama ni wewe. Umepiga na mstari. Ukurasa wa kumi na mbili unasema umekufa. Ukiziweka pamoja, kiwanda hiki kilisimama mwezi wa Rajabu. Kukufufua kunahitaji barua tatu kwenda makao makuu, miezi mitatu. Agizo linatoka Jumatatu, kwako au kwa yule wa pomboo. Kifo siwezi kukifuta leo. Ukurasa wa tisa naweza kuusahihisha, lakini uwe ni ukweli, na useme mwenyewe. Je, ni kweli kwamba bila wewe kazi itasimama?"

Thabiti alitazama koti lake lililokunjwa. Alitazama muhuri ulioning'inia msumarini. Akamtazama Athumani, aliyekuwa ameshafungua mdomo kusaidia. Lakini kwa mara ya kwanza tangu wakiwa watoto, mtani wake aliufunga bila kusema neno. Mwishoni alimtazama Mwanakombo, na mikono yake yenye sugu nyeusi, na akakumbuka kwamba tangu asubuhi alikuwa hajamwuliza mtu hata mmoja kama ana njaa.

"Si kweli," alisema. Sauti ilitoka ndogo, bila kikohozi. "Nikifa leo, kesho asubuhi rungu litasikika kama kawaida. Hakuna kitakachosimama."

"Uongo," alisema Mwanakombo.

Wote wakamgeukia.

"Chai itasimama," alisema. "Yeye ndiye anayetuchemshia chai. Saa nne na saa kumi, hajawahi kukosa mpaka leo. Na saa hizi ni saa tano kasoro, afande, ndiyo maana mnaniona nina hasira."

Luteni Witness aliinamisha kichwa juu ya karatasi kwa muda, mabega yakimtikisika kidogo kwa namna isiyo ya kijeshi. Kisha akaandika, akasoma kwa sauti: "*Awe hai au marehemu, Mkurugenzi haathiri uzalishaji, isipokuwa chai. Mzabuni ni Mwanakombo. Mafundi wawili. Malighafi ya hapahapa. Hatari: ndogo.*" Akainua macho. "Kuna pingamizi?"

"Tangawizi ikae kwenye rekodi," alisema Asia.

"Imekaa."

Thabiti aligonga muhuri kwa mkono wa kushoto, maana gumba la kulia halikuwa tayari kwa kazi za ofisi. Kisha akaenda kuinjika maji. Alihesabu vikombe: Mwanakombo, Asia, Luteni, Koplo. Akasimama, akaguna, akaongeza cha Athumani.

* * *

Kwa miezi mitatu hadi barua zilipojibiwa, Thabiti alikaa kila Ijumaa kwenye kiti cha Athumani akinyolewa bure. Kinyozi alipojaribu kudai malipo aliulizwa ni maiti gani aliyewahi kulipia kuandaliwa, akakosa la kusema. Na wateja waliokuwepo wanaapa kwamba alikaribia sana kukasirika.

Katika miezi hiyohiyo madafrao sitini yalifika gatini kwa gari la kukodi, siku mbili kabla ya tarehe. Askari wa getini, kijana asiyemjua mtu, alisoma orodha ya walioruhusiwa kuingia.

"Mwanakombo, mzabuni."

"Nipo."

"Asia, fundi."

"Nipo."

Askari alisita. Aliisogeza karatasi karibu na macho, akaisogeza mbali. "Thabiti Abdulkarimu, marehemu. Chai." Akawatazama. "Na huyu... amekuja?"

Thabiti alishuka garini taratibu, hana koti, amekumbatia chupa mbili za chai, moja kila kwapa.

"Amekuja," alisema. "Ina tangawizi."

Askari aliangalia saa. Ilikuwa saa nne kamili. Akainua kizuizi.

"Marehemu apite kwanza."